Simu ya Ghati na Mtama wa Mama Nyangi

Mwanangu, kuna alasiri moja kijijini kwetu Natta ambayo hadi leo nikiikumbuka natabasamu, kisha naona aibu. Simu za mkononi zilikuwa bado ngeni kwetu, na mnara ulikuwa mmoja tu. Kampuni ya simu ikaleta ofa ya kuongea bure mchana kutwa. Mimi, mpishi wa kambi ya watalii niliyekuwa likizo, nikakaa nje ya duka nikampigia mchumba wangu Ghati, kijijini kwao Susuni, na sikukata. Tulipoishiwa maneno tukabaki kusikilizana tu. Nilimsikia akipepeta ulezi, kuku wakimsumbua, akiimba kidogo kidogo. Ujana bwana. Vijana wenzangu pale dukani nao walikuwa hivyo hivyo, kila mmoja na wake.

Mara akaja jirani yetu Mama Nyangi, anahema, simu mkononi. Tembo walikuwa wameingia kwenye mtama wake, na kila akiwapigia askari wa wanyamapori anaambiwa mtandao una shughuli.

Fundi wa mnara, mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai hapo, akanigeukia.

"Unaongea na nani?"

"Na mchumba wangu, mzee."

"Mbona sikusikii ukisema kitu?"

Nikaishusha simu kutoka sikioni.

"Mnara huu una njia chache za hewani," akasema taratibu. "Ukipiga, unapewa moja. Hata mkikaa kimya ni yenu, mpaka mkate. Kateni, nyote."

Tukakata. Mama Nyangi akapiga tena, safari hii ikaita. Askari walifika wakawafukuza tembo, lakini nusu ya shamba ilikuwa imelala chini.

Kesho yake nilikwenda kumsaidia kuokoa masuke yaliyobaki. Nikamwamkia shikamoo, macho chini.

"Marahaba," akasema, akanipa kisu. "Kumpenda Ghati si kosa. Ila ukishasema lako, tuachie na sisi tuseme."

Ghati nilimwoa, na sasa wajukuu wanamwita bibi. Minara imeongezeka, na mitambo ya leo inawagawia watu wengi njia moja, kila mtu na kipande chake kidogo cha muda. Hata hivyo, siku ya mnada mtandao bado unakuwa mzito.

Kwa hiyo, mwanangu, kilicho cha wote kitumie kwa kadiri ya haja yako, kisha kiachie. Usingoje mtu aje anahema ndipo ukumbuke kwamba si wewe peke yako. Mungu akupe wa kukupenda, na siku utakayopiga simu ukiwa na shida, ipokelewe.