Mapengo ya Khatija

Khatija alikuwa amechoka kuambiwa asubiri. Tangu mumewe Zahir aanguke dukani na kufariki, watu waliingia katika nyumba ile ya Kilindoni, mji wa kisiwani, wakiwa na sentensi moja. Waliitua, wakanywa chai ya tangawizi, wakaondoka, na mwingine akaingia nayo. Mungu akupe subira. Naye aliitikia amina kwa sauti ya mtu anayepokea mizigo bandarini.

Alikuwa amekaa eda. Chumba chake kilikuwa cha nyuma, dirisha likitazama ua wenye tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa hatoki, hajipambi, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, na kwa desturi ya nyumba ile hata sauti yake haikutakiwa imfikie mwanamume wa nje. Mimi nilikuwa nimepanga chumba cha juu, na kwa kuwa ni mwanamke niliruhusiwa kuingia na kukaa. Nimekaa katika nyumba za msiba kwenye nchi kadhaa, za watu wasiosikilizana lugha, na kote nimekuta jambo hilohilo: mfiwa ndiye anayewahudumia wafariji.

Kilichomtesa pamoja na kumkosa Zahir kilikuwa kukosa mabishano. Kwa miaka kadhaa yeye na rafiki zake wawili walikuwa na kipindi cha sauti. Ijumaa alasiri walikaa nyuma ya duka, simu ikiwa juu ya taulo lililokunjwa, wakazungumzia simu mpya, gemu, tamthilia za Kikorea, katuni za Kijapani, akili mnemba, na programu gani imepandisha bei. Kipindi walikiita Mtandao Unasumbua. Munira, aliyefanya kazi kwenye lango la hifadhi ya bahari kule Utende, alikata na kuunga sauti kwa simu yake, kisha akakisambaza kwenye makundi ya wasapu. Biubwa, mwalimu wa chekechea wa Ndagoni, alikuwa mtu wa gemu. Khatija alikuwa mpinzani. Hakuna kifaa kilichopita mbele yake bila kutolewa kasoro, na watu walimsikiliza kwa hilo.

Wasikilizaji wao waaminifu kuliko wote walikuwa wavuvi wa dago, wageni kutoka wilaya nyingine za pwani waliopiga kambi ya msimu karibu na Ras Mkumbi. Kambini hakuna mtandao. Mmoja wao, Dulla, alikuwa akipanda hadi karibu na mnara wa taa, ambako simu hushika, anapakua kipindi na kuteremka nacho kwa wenzake.

Munira na Biubwa walikuja kumwona rafiki yao kila Ijumaa tangu msiba, nao pia walikuja na ile sentensi. Ijumaa moja nilikuwapo.

"Mungu akupe subira, shoga," Biubwa alisema.

"Amina. Ile gemu yako imetoka?"

Biubwa akamtazama Munira. Munira akamtazama Bi Batool, shangazi yake Khatija, aliyekaa ukingoni mwa kitanda na tasbihi yake. Bi Batool huomba dua kwa Kiarabu, huhesabu kwa Kikachi, lugha ya mababu zake wa Bara Hindi, na hugomba kwa Kiswahili. Safari hii hakugomba.

"Imeahirishwa," Biubwa akajibu kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa.

"Tena?"

"Tena. Wanasema wanaing'arisha."

"Wanaing'arisha! Miaka yote hiyo hata sufuria ingekuwa kioo."

Munira alicheka, akajiziba mdomo kwa mtandio. Khatija hakucheka, ila alijiinua kutoka kwenye mto, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu nifike.

"Nyingine," alisema. "Msinikalie kama mmekuja kukagua maiti."

"Kuna simu inakunjwa mara tatu," Munira akasema.

"Kama kanga?"

"Kama kanga."

"Basi itapauka kwenye mikunjo. Na bei?"

Munira akataja bei. Bi Batool akaacha kuzungusha tasbihi. "Kwa pesa hiyo ijikunje yenyewe," akasema. Hapo wote watatu walivunjika mbavu, mpaka yeye mwenyewe akawakemea: "Chekeni, lakini kisivuke ukuta hicho kicheko."

Kikavuka. Munira, kwa mazoea, alikuwa amewasha kinasa sauti na kuilaza simu mkekani. Usiku alifikiri amepata njia isiyomkwaza mtu: aitoe sauti ya Khatija yote, ya Bi Batool pia, kisha akitume kipindi. Mjane atakuwa hajasikika, na kipindi kitakuwa hakijafa. Alipojaribu kuunganisha vipande vilivyobaki, mazungumzo yakawa ya wehu. Akaona heri pale aliposema Khatija pabaki kimya.

Kwa hiyo kipindi kilichotoka kilikuwa hivi: Biubwa anasema imeahirishwa. Kimya. Biubwa anasema tena, wanaing'arisha. Kimya. Munira anacheka peke yake. Munira anasema inakunjwa mara tatu. Kimya. Kama kanga. Kimya. Munira anataja bei. Kimya. Halafu kicheko kikubwa cha watu wawili, bila sababu.

Kisha Dulla alituma sauti kwenye kundi, mahali ambapo mji mzima ungesikia.

"Da Khatija, pole sana na msiba. Sisi huku dagoni tumekusikia ulivyonyamaza. Sasa pale kwenye simu ya kukunja, Othmani mwenzangu anasema umesema itavunjika. Mimi nasema huyo hawezi kuishia hapo, ameitukana. Tumekula kiapo, tumegombana, mpishi kaunguza wali. Ukitoka eda utuamue."

Wakafuata wengine. Kila pengo lilipata wajazaji wake, wengine kwa adabu, wengine kwa uhuni mdogo wa kambini.

Ijumaa iliyofuata Munira alikuja macho yamevimba, akamsikilizisha Khatija kipindi chote na majibu yake. Khatija aliishika simu sikioni kwa mikono miwili.

"Hapa nilisema nini?"

"Ulisema lile la sufuria."

"Na hapa?"

Munira hakukumbuka. Biubwa naye hakukumbuka. Rekodi ya mwanzo ilikwisha kufutwa, simu ilikuwa imejaa.

"Mmenitoa kama mwiba wa samaki," Khatija alisema.

"Tulitaka kukulinda, shoga."

"Najua. Kila mtu ananilinda. Mumewe kafa, mlindeni asile peke yake, asilale peke yake, asiseme. Nimechoka kulindwa, Munira."

"Nikutengenezee sauti ya akili mnemba? Tunaandika maneno yako, yenyewe inasema. Mashine haina eda."

"Mashine haijachoka. Watajua si mimi."

Hawakuwa wamemaliza pale Azhar alipobisha. Azhar ni kaka wa marehemu Zahir, na sasa alikuwa akifungua na kufunga duka peke yake. Hakuruhusiwa kuingia chumbani. Alisimama ukumbini, nyuma ya pazia, na maneno yote yakapitia kwa Bi Batool, aliyesimama mlangoni mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujala, nakusikia sauti."

"Sina hamu. Mwambie shemeji kaburi la ndugu yangu bado bichi, na wanaume wa dagoni wanashindana kubahatisha maneno ya mjane wake. Watu wananiuliza dukani. Wananiuliza huku wanacheka. Mimi sina nguvu ya kujibu. Nataka hicho kipindi kife. Kisilale, kife. Hata akitoka eda."

Bi Batool akageuza kichwa. "Umesikia?"

Khatija alikuwa amesikia vizuri, pazia lilikuwa la kitambaa tu. Nilidhani atakubali, kwa kuwa kukubali kulikuwa kwepesi na yeye alikuwa hana mwili wa kupigana. Munira alikuwa tayari anakusanya viatu vyake.

"Mwambie," Khatija alisema polepole, kwa sauti ndogo, "mpaka nitoke hakitoki kitu. Hapo ana haki, na mimi namwomba radhi. Lakini nikitoka nitasema, kwa sauti yangu, na sitamwomba ruhusa. Na hawa watakuja kila Ijumaa. Bila wao mimi nitarukwa na akili humu."

Bi Batool alitoa kichwa nje ya pazia.

"Amekubali," akasema.

Tukasikia Azhar akishusha pumzi, akishukuru, viatu vyake vikielekea mlangoni.

"Shangazi! Sikusema hivyo."

"Nimekusikia ulivyosema."

"Sasa umemdanganya mtu."

"Yeye alitaka jibu la kumwezesha kula, nimempa. Wewe ulitaka aondoke, kaondoka. Mtagombana mkiwa na nguvu." Akarudi kitandani na kuokota tasbihi. "Leo hamna."

Khatija aliiona hatari ya neno lile waziwazi. Siku atakayofungua mdomo, Azhar hatamwona mjane aliyesema tu. Atamwona mjane aliyevunja ahadi. Alimtuma Biubwa amkimbilie, kisha akamwita arudi kabla hajafika uani. Alijilaza. Akawaambia waendelee kuzungumza, chochote, hata kuhusu chaja.

Niliondoka kisiwani kabla eda haijaisha, kama ninavyoondoka kila mahali kabla ya mambo kuisha. Kipindi kilinifikia Beira, kwenye foleni ya viza. Khatija alikuwa na sauti ya kukwaruza. Hakutaja msiba. Alisema kwanza, akijua nani anasikiliza, kwamba hakuwahi kuahidi kunyamaza, kwamba aliyesikia vingine amlaumu yeye, si shangazi. Kisha akaishambulia programu moja ya filamu iliyoanza kuweka matangazo katikati ya mauaji.

Munira aliniandikia kwamba Azhar hapiti tena nyumbani. Vitu vya mtoto wa dada yao yeye na Zahir, anayelelewa na Khatija, huvileta hadi kizingitini, akabisha, akaenda zake. Khatija huvichukua akiwa bado anasikia viatu vyake vikiondoka.

Karibu na mwisho wa kipindi kile Khatija alikohoa, akasema amechoka, wafunge.

"Imebaki habari moja," Biubwa akasema.

Nikasikia kiti kikisogezwa.

"Haya, isome."