Jicho Lililoita Wageni

Nilipokuwa mtoto kule mtaa wa Kamalondo, jicho langu la kuume lilikuwa likicheza kutwa. Baadaye bega nalo likaanza kuruka, kisha sauti ndogo kama kwikwi ikawa inanitoka kooni bila kuniomba ruhusa. Majirani walinong'ona. Bibi, aliyenilea, alikuwa na maelezo yake: jicho la kuume likicheza, mgeni yuko njiani. Basi kila lilipocheza, aliongeza unga kwenye sufuria ya bukari, ugali wetu. Siku hizo zinanijia sasa kama kitu nilichokiona ndani ya mvuke.

Mchana mmoja jicho lilicheza mpaka nikalia. Bibi akasonga bukari nyingi, akapika na sombe ya majani ya muhogo, akapanga viti uani. Kabla hatujanawa mikono, shangazi akaingia na watu wa chumba cha maombi alikokuwa akisali. Walikuja kunichukua, wanifungie huko bila chakula mpaka pepo atoke.

"Mama, huyu mutoto iko na pepo," shangazi alisema.

"Kaeni kwanza, mukule," Bibi akajibu. "Ni yeye aliniambia mutakuja."

Wakatazamana. Mwanamume mmoja akaniwekea mkono kichwani; bega likaruka.

"Toa mukono," Bibi akasema, taratibu kabisa. "Huyu iko mutoto wangu. Haendi."

Walikula, wakaondoka bila mimi. Shangazi hakukanyaga kwetu kwa muda mrefu.

Leo mimi ni mama mzima, nashona magauni ya harusi nyumbani kwangu, mtaa wa Bel-Air. Daktari alinipa jina la Kifaransa la hali hii, akasema si pepo, wala si ishara ya kitu chochote. Dawa zilikuwa zikinilaza juu ya cherehani, nikaziacha. Nikitunga shanga bega hutulia, kisha huanza tena. Wateja wengine huniona mara moja tu, hawarudi.

Najua nyumba yetu ilipata wageni kila siku, jicho licheze lisicheze. Huenda Bibi naye alijua. Lakini mwili ambao wengine walitaka kuufungia, yeye aliusikiliza.

Jumapili iliyopita, watu wakiwa kimya katika misa, ile sauti ya kwikwi ilinitoka kwa nguvu. Vichwa vikageuka. Miaka mingi nilikuwa nikiinuka, nikangoja nje mpaka misa iishe. Safari hii nilibaki nimekaa, na wimbo ulipoanza, nikaimba pamoja nao.