Nusu Mzunguko wa Spana

Walimwita Grisi. Jina hilo lilimpata angali kijana wa kuosha vyuma katika karakana ya bandari, enzi ambazo shati lake halikuwahi kufika saa nne asubuhi likiwa safi. Uzee ulimkuta na kucha zilezile nyeusi, lakini chumba cha injini alichokisimamia ungeweza kulia chakula sakafuni. Hapo ndipo kiburi chake kilipokaa, na kiburi chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko mshahara. "Huyu angeruhusiwa kuoa tagi," mkewe alikuwa akiwaambia wageni, "mimi ningekuwa mke mdogo."

Tagi ni ile boti fupi, nene, yenye nguvu za ajabu, inayovuta na kusukuma meli kubwa mpaka zikae gatini. Isipokuwepo, meli inabaki nje inaelea na mzigo tumboni, na huku mjini bei zinapanda. Zamani bandari ile ilikodi tagi ya kampuni moja ya mbali. Kampuni ilipanga bei itakavyo, na siku ikinuna, tagi haitoki. Nchi mbili jirani nazo zilikuwa zikilia kilio hichohicho. Basi wakubwa wakakutana, wakabishana mpaka makoo yakakauka, mwisho wakakubaliana: hakuna mwenye ubavu wa kununua tagi peke yake, basi tununue moja, sote watatu. Itafanya kazi kwa zamu, mwezi kwako, mwezi kwangu. Watu walicheka sana. Gari la ndugu wawili tu linavunja ukoo, sembuse boti ya serikali tatu!

Lakini boti ilifanya kazi, tena vizuri, kwa sababu ya mafundi wake. Bandari ya pili ilimleta Dada Spana, mwanamke wa rika la binti yake Grisi, mwenye sauti ya kushinda injini na aliyeipigania ile kazi kwa meno na kucha. Bandari ya tatu ilimleta Mkimya, aliyeweza kukabidhi boti nzima kwa neno moja: "Haya." Walijengeana desturi yao. Anayekabidhi boti aikabidhi imepigwa deki, imejazwa mafuta, na chini kabisa, pale shafti, ule mhimili wa chuma, inapotoka kwenda kuzungusha propela, pawe pakavu.

Hapo pakavu ndipo balaa lilipokaa. Tundu la shafti huzibwa kwa pakingi, kamba nene yenye grisi inayobanwa kwa nati. Haizibi kabisa, wala haitakiwi kuziba kabisa. Lazima maji yadondoke kidogo, tone baada ya tone, ili shafti isipate moto. Kila fundi anajua hilo, na Grisi ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine. Lakini jamani, aibu! Umkabidhi mwenzio wa nchi nyingine boti inayodondosha maji, aende kwao aseme nini? Basi kila mwisho wa zamu Grisi alishuka chini, akatazama huku na huku kama mwizi wa sukari, akazikaza nati nusu mzunguko. Nusu tu. Atakayepokea atalegeza mwenyewe, alijisemea.

Siku moja wakati wa zamu ya Dada Spana, tagi ikiwa inasukuma meli ya ngano, moshi ulitoka chini na shafti ikagoma. Meli iliponea chupuchupu kugonga gati. Hakuna aliyeumia, lakini maneno yaliyofuata yangetosha kuizamisha ile boti. Wakuu wa bandari tatu wakaja juu. Mmoja akataka tagi iuzwe kila mtu achukue chake. Mwingine akasema tatizo ni kumpa mwanamke injini. Mkuu wake Grisi akafunga mjadala: "Ripoti itataja mtu mmoja, na huyo mtu atashuka kwenye boti hii asirudi. Grisi, wewe ndiye mkubwa wao. Nenda kafungue, uje utuambie nani."

Wakashuka wote, mafundi watatu na wakuu wao, wakajibana katika kile chumba cha injini jasho likiwatiririka. Dada Spana alisimama pembeni, safari hii hana sauti. "Mzee," alimnong'oneza Grisi alipompita, "nina watoto."

Grisi alifungua. Nati zilikuwa zimekazwa mpaka mwisho wake, na pakingi ilitoka nyeusi na kavu kama mkaa. Shafti ilikuwa imechimbika michirizi. Alijua alichokuwa anakitazama: ni nusu zake, moja juu ya nyingine, mwaka mzima, na hata yeye zamu ikimrudia hakuwahi kulegeza. Yule binti alikuwa ametwishwa mzigo wa mtu mwingine.

Angeweza kunyamaza. Shafti iliungua kwenye zamu ya Dada Spana, na wakuu walikuwa wameshaamua kabla hajashika spana. Kwake yeye Grisi, miaka iliyobaki kabla ya kustaafu ilikuwa ya kuhesabika, na alitaka kuimaliza palepale, juu ya ile injini. Hakuwa na ndoto nyingine maishani, na ndiyo hiyo iliyomfanya aigeuzegeuze ile pakingi mkononi mpaka mkuu wake akakohoa.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nakaza nusu mzunguko kila ninapokabidhi. Nilitaka mseme kwetu tunajua kazi."

Kisha kutoka nyuma, mtu ambaye hakuna aliyemtarajia akasema, "Na mimi."

Ni Mkimya. Wote wakageuka. "Nilikuta pakavu," alisema, na kwake hiyo ilikuwa hotuba, "nikaona kulegeza kazi ya mkubwa ni kumtukana. Nami nikaongeza nusu yangu, nisionekane mvivu."

Dada Spana alijifunika uso kwa mikono yake yote miwili, na walipodhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia. "Na mimi hivyohivyo! Wiki nzima sijala, najua nimeiua peke yangu. Kumbe tumeiua kwa adabu, watatu!"

Mkuu wake Grisi alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika bomba la jenereta lenye moto, akaruka. Baada ya hapo hakuna aliyetaja tena habari ya kuuza. Shafti ilichongwa upya bandari ya tatu, kwa wenye mashine. Pakingi ilitoka bandari ya pili, na mikono ya kufunga ilitoka kila upande. Lakini ripoti bado ilitaka mtu mmoja, na Grisi aliomba jina liandikwe lake. Waliandika. Akarudishwa karakana, kwa vyuma vyake vya ujana, na nyumbani alikaa siku nyingi bila hamu ya kula. Mkewe hakumtania hata mara moja, na hapo Grisi akajua kwamba mambo ni mazito kweli.

Tagi iliporudi kwa zamu ya bandari ya Grisi, Dada Spana aliikabidhi kwa fundi mpya, kisha akavuka gati hadi karakana na kumshika Grisi mkono. Hakumuuliza. Alimshusha mpaka chini kwenye shafti, mbele ya fundi mpya, na kumuonyesha: tone, halafu tone jingine, likianguka kwenye sakafu safi.

Mkono wa Grisi ulienda wenyewe kwenye spana iliyoning'inia ukutani. Dada Spana akaupiga kofi.

"Baba," alisema, "acha idondoke."

Grisi akaurudisha mkono mfukoni, akasimama pale akitazama maji yakianguka, na hakujali kwamba wanamwona akifuta macho.