Mkulima Bora na Baiskeli Yake Melini

Kosa alilofanyiwa Somoe binti Chilumba ni hili: mikorosho mia mbili na kumi aliyoachiwa na mama yake iliandikwa kwa jina la mumewe, Athumani. Mwaka mikorosho hiyo ilipozaa kuliko shamba lolote la kijiji, sifa akapewa Athumani. Sifa, na baiskeli mpya, na safari ya meli.

Iliandikwaje? Kwa kalamu, mchana kweupe, watu wakitazama. Ulikuwa mwaka ule watu walipohamishiwa kando ya barabara ya Msimbati wakae pamoja kijijini. Bwana Shamba, mtu wa bara, mgeni kabisa, akapewa kiti, akafungua daftari, akauliza, "Mkuu wa kaya ni nani?" Somoe alikuwa shambani akifagia chini ya mikorosho. Athumani alikuwa barazani akiota jua. Akanyoosha mkono.

Sehemu zile mwanamume huoa akahamia kwa wakwe, na miti hufuata upande wa mama. Athumani alikuja ukweni na mkeka mmoja na kikohozi. Kila aliyekuwapo alilijua hilo, wengine wakacheka chini chini. Lakini hakuna aliyesahihisha. Mwenye kalamu hakatizwi.

"Ni jina tu, Mama Zuhura," Athumani alisema jioni, kwani binti yao mkubwa ni Zuhura. "Jina halivuni korosho."

"Halivuni," Somoe akasema, "lakini ndilo linaloitwa mbele."

Na kweli likaitwa. Siku ya safari, gatini Mtwara, ndugu mmoja wa wilayani alisoma cheti cha mkulima bora: baiskeli moja, na mapumziko ya meli mpaka Dar es Salaam na kurudi, yeye na mke wake. Somoe alikuwa mwaka wa pili wa kisomo cha watu wazima, na jina lake alilitambua hata likiandikwa kwa mkaa ukutani. Alikitazama cheti chote toka juu mpaka kwenye mhuri. Hakujiona.

"Panda baiskeli basi, Ndugu Athumani, watu wakuone!" akasema yule ndugu.

Athumani akakohoa. "Zawadi ya taifa siichafui kwa vumbi la gati." Watu wakampigia makofi kwa uzalendo wake.

Baiskeli ilikuwa ibaki kijijini. Lakini mwenyekiti alikuwa amekwisha kusema kwamba siku hizo ataishughulisha kwa kazi za kijiji, na kila mtu alijua kwamba kazi za kijiji za mwenyekiti zilikuwa zimejengewa nyumba Nanyamba na zinaitwa Mariamu. Basi baiskeli ikapanda meli. Ilikaa sitahani kati ya magunia ya makopa ya muhogo na matenga ya kuku, na Athumani akaifunga kwenye kifundo cha mguu wake kwa kamba.

Baharia aliyekuwa akipanga mizigo pale, Lukasi, alikuwa Mngoni wa Songea, na Wangoni na Wamakonde ni watani tangu mababu walipoacha kupigana. Mtani hanuniwi.

"Mtani," Lukasi akasema, "umeifunga isikimbie, au umejifunga usiikimbie?"

"Toka hapa, Mngoni! Babu zako wamevuka Ruvuma kwa miguu, baiskeli mtaijulia wapi?"

"Ndiyo maana nataka kujifunza. Zunguka nayo kidogo nione."

Athumani akasema bahari imechafuka. Bahari ilikuwa shwari kama uji uliopoa.

Walipoacha Mtwara nyuma, alimsogelea mkewe. "Mama Zuhura, yule ndugu ameniambia tukirudi kijiji kizima kitaletwa gatini kwa lori, na ngoma. Mimi nitatangulia kwa baiskeli mpaka ofisi ya chama, wao nyuma."

"Vizuri."

"Mimi baiskeli sijui."

"Najua. Unashika usukani kama pembe za mbuzi wa kuchinjwa. Na ile habari ya kwenda Newala kwa baiskeli kwa siku moja, uliyotusimulia miaka kumi na nane?"

"Nilikwenda," Athumani akasema. "Nilikaa nyuma."

Somoe alijua kuendesha. Utotoni mjomba wake alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na alipolala mchana Somoe aliichukua baiskeli yake, akapitisha mguu chini ya bomba la juu kwa kuwa kiti hakukifikia, akazunguka kati ya mistari ya mkonge. Alipovunja ungo mama yake akamwambia basi, na ikawa basi. Ni miaka ishirini na mitano. Mguu hausahau.

"Nitakufundisha kila bandari tutakayosimama," akasema. "Bei yangu ni moja. Siku ile, mbele ya kijiji, mbele ya yule ndugu wa wilayani, utasema mikorosho ni ya nani."

"Nitasema."

"Apa."

Athumani akaapa. Mwanamume akiwa baharini ni mwepesi wa kuapa.

Lindi meli ilitia nanga, watu wakashushwa kwa tishari, saa tatu tu mpaka kurudi. Somoe alimpandisha mumewe kwenye njia tambarare nyuma ya maghala, akashika keria, akakimbia nyuma. "Tazama mbele! Usinitazame mimi, mimi unanijua!" Athumani alitazama chini, akaenda chini. Mara tatu. Mara ya nne alikwenda hatua ishirini akipiga kelele njia nzima, kisha Somoe akavuta keria, baiskeli ikasimama, naye akashuka kama bwana mkubwa anayeshuka garini.

"Umeona nilivyosimama?" akasema.

Somoe alikuwa amekaa chini anahema. 

Kilwa walipata saa moja na nusu, na mvua ikala nusu. Saa iliyobaki Athumani aliweza kukata kona ya kulia. Ya kushoto ilimshinda, kwa hiyo alifika popote kwa kuzunguka kulia. Somoe alikimbia nyuma yake mpaka khanga ikamdondoka. Wanawake waliokuwa wakiuza samaki wakapiga vigelegele.

"Mama we, unamfukuza au unamkamata?" mmoja akauliza.

"Bado sijaamua," Somoe akajibu.

Dar es Salaam meli ilikaa siku mbili. Athumani hakutaka kulala mjini kwa kuogopa wezi wa baiskeli, na mchana hakutaka kujifunza kwa kuogopa magari. Alilala sitahani huku mdomo wazi. Asubuhi ya pili Somoe alimfungua kamba mguuni, Lukasi akamsaidia kuteremsha baiskeli, kisha Somoe akakunja khanga, akapanda. Mwanzo aliyumba. Kisha miguu ikakumbuka. Akapita kando ya maji, akaupita msururu wa watu wanaongoja kivuko, akaenda mpaka pumzi ikamwambia rudi. Hakuna aliyemjua. Hakuna aliyemwita mke wa fulani. Polisi mmoja alimpungia mkono apite, naye akapita kama watu wote. Alirudi melini uso umelowa, na alipoulizwa na Lukasi alisema ni jasho.

"Mtani mama," Lukasi akasema, "kumbe kuna mwenye kujua huku! Sasa yule bwana ni wa nini?"

"Wa kuandikwa," Somoe akasema.

Kurudi, Kilwa Athumani akapata kona ya kushoto. Lindi akaweza kupanda mwenyewe bila kusukumwa. Ikabaki kusimama. Safari nzima alikuwa akisimamishwa na mkono wa mkewe, wala hakuwahi kujiuliza baiskeli husimama kwa nini. Kwake kusimama ilikuwa kazi ya Mama Zuhura, kama kuchota maji.

"Leo breki," Somoe akasema. "Lakini kwanza niyasikie yale maneno. Hapa, sisi wawili tu. Sema: mikorosho ni ya Somoe, kaachiwa na mama yake."

Athumani akatazama kushoto, akatazama kulia. Palikuwa na mbuzi mmoja na gunia la mkaa. "Haya ni maneno ya Mtwara, mke wangu. Nikiyasema hapa yatapoa."

"Na breki nayo ni ya Mtwara."

"Breki ni kitu gani!" akasema Athumani, na kwa ujuzi wake alikuwa anauliza kweli.

Mtwara gati ilikuwa imejaa. Lori la kijiji, ngoma mbili kubwa na ndogo zake, wanawake wa kijiji na khanga mpya, mwenyekiti na miwani, na yule ndugu wa wilayani. Somoe alishuka kwanza, akasimama karibu na ngoma. Lukasi alisimama naye na kamba ya meli mkononi. Athumani akaiteremsha baiskeli, akapanda peke yake, akaenda. Ngoma zikapasuka. Na kwa kweli, tusimwonee, alikwenda vizuri. Mgongo umenyooka, kengele inalia, uso umejaa kama mwezi.

"Karibu, Ndugu Athumani!" ndugu wa wilayani akapaza sauti. "Simama hapa useme mawili matatu!"

Athumani akampita.

Watu wakacheka kwa furaha, wakadhani ni madaha. Akazunguka kwa kulia, akarudi, akampita tena. Mara hii uso haukuwa wa mwezi.

"Mama Zuhura!" akaita akipita kwenye ngoma. "Nishike!"

"Sema!" Somoe akasema.

Akaenda, akazunguka lori, akarudi. Wapiga ngoma, walipomwona mkulima bora anawazunguka, wakaongeza kasi. Wanawake wakaanza kuimba jina lake.

"Nishike, Somoe, naomba!"

"Kwanza sema, Athumani!"

Duru ya nne alikuja kasi kuliko zote, macho yamemtoka, na alipomfikia mkewe akapiga ukelele: "Mikorosho ni ya Somoe! Kaachiwa na mama yake! Mimi nilinyoosha mkono tu!"

Somoe aliyasikia yote, neno kwa neno, akanyoosha mkono kukamata keria. Ahadi ni ahadi. Lakini mwendo ule haukuwa wa kushikika. Keria ikamponyoka, na Athumani akaingia mzima mzima kwenye lundo la magunia ya makopa yaliyokuwa yakingoja kupakiwa. Vumbi jeupe likapanda. Baiskeli ikabaki juu ya lundo, gurudumu linazunguka. Ngoma zikanyamaza. Athumani akatoka mweupe kama mtu wa jandoni.

"Amesema nini?" mwenyekiti akauliza.

"Nafikiri amesema uhuru na kazi," ndugu wa wilayani akajibu, akapiga makofi, na wote wakapiga.

"Hapana," Lukasi akasema. "Nimesikia kwa masikio yangu. Amesema shamba ni la mkewe."

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. "Mngoni huyo! Mtani wetu huyo! Atasema nini tena?" Lukasi akaapa kwa Bikira Maria, wakazidi kucheka, maana mtani akiapa ndipo utani unapokolea. Hakuna baraza, la dini wala la chama, linalopokea ushahidi wa mtani.

Tangu siku hiyo Athumani husema amekwisha kutimiza. "Nilisema au sikusema?" humwuliza mkewe wakila. "Alisema," Somoe hukubali, kwa kuwa hasemi uongo. Kisha humwongezea mchuzi kidogo, kidogo kweli.

Baiskeli huiendesha Somoe kwenda na kurudi Mtwara, kwa kuwa Athumani hajaigusa tena, na waliomcheka mwanzoni sasa humwagiza chumvi. Hilo si deni tena. Madeni ni haya. Athumani anadaiwa maneno yale yale, ayaseme akiwa amesimama, miguu yote miwili chini, bila ngoma. Mwenyekiti na wote waliokuwa barazani siku ile ya daftari wanadaiwa kusema walichokijua na wakakimeza. Na Bwana Shamba, popote alipohamishiwa, anadaiwa mstari mmoja katika daftari lake, aukate, aandike juu yake Somoe binti Chilumba. Akisahau herufi, mwenyewe yupo, atamtajia moja moja.