Futi Nne za Mzee Nzomo

Kwenye machimbo ya mawe ya Lukenya hakuna asiyeijua fimbo ya Mzee Nzomo. Ina alama nne, futi moja moja, na imelainishwa na jasho mpaka inang'aa. Miaka thelathini na miwili amepimia nayo mawe ya nyumba za watu, na siku hizi, magoti yakianza kulalamika, anaitembelea pia. Ukimuuliza urefu wa kitu chochote, iwe mlango au jeneza, anaweka fimbo, anafumba jicho moja, anatoa hukumu.

Ndiyo fimbo aliyompimia Mutindi.

Mutindi ni mjukuu wake, ana miaka minane. Ukisimama uani kwao unaliona gurudumu kubwa la bustani ya michezo iliyojengwa ng'ambo ya barabara, likizunguka polepole na vibanda vyake vyekundu. Mwezi wa kwanza Nzomo alimwambia, "Ukisoma kitabu kizima bila kugotagota, nitakupandisha lile." Alisema hivyo kwa raha zake, kwa sababu siku hizo mtoto alikuwa akisoma neno moja na kupumzika. Mwezi wa nane Mutindi akaketi mbele yake akasoma kurasa thelathini na sita, na hata bei iliyoandikwa nyuma ya kitabu akaisoma.

Ahadi ni ahadi. Nzomo akaulizia. Jirani aliyekwenda mwaka jana alimwambia mtoto asiyefika futi nne hulipa mia tano, na anayezifikia ni mtu mzima, mia nane. Akamsimamisha Mutindi ukutani, akaweka fimbo. Kichwa kilibakisha kidole kimoja kufika alama ya nne.

"Vizuri," akasema. "Usirefuke mpaka Jumamosi."

Akaweka elfu moja na mia saba kwenye simu, wapate na ya soda.

Jumamosi walikuta ubao mpya langoni. Nzomo aliusoma, akausoma tena, kisha akamwambia Mutindi, "Wewe ndiye msomaji. Nisomee."

"Mtoto mia tisa. Mtu mzima elfu moja na mia sita," Mutindi akasoma bila kugotagota.

Nzomo akainama dirishani. Msichana aliyeketi ndani alikuwa na jina Firdaus kifuani. "Binti, hii bei ni ya kuingia ama ya kununua?"

Foleni ikacheka. "Ni ya kuingia, mzee. Imepanda tangu Jumatatu."

"Gurudumu limeongezwa urefu?"

"Hapana."

"Linazunguka zaidi?"

"Ni lilelile, mzee. Hata sisi tuliambiwa tu. Lakini ukishaingia, unapanda mpaka jioni."

Mama aliyekuwa nyuma yao, Zaituni, muuza viazi mjini Machakos, akaguna. "Mimi niko na wawili. Wiki nzima nimesimama kwa mafuta ya moto, ili hawa waende wakapige kelele huko juu."

Nzomo hulipwa shilingi kumi na tano kwa kila jiwe. Mia tisa ni mawe sitini. Aliyaona kichwani yamejipanga kutoka dirishani mpaka barabarani. Akasema, "Basi mtoto aingie. Mimi nitangoja nje."

Firdaus akatoka, akamsimamisha Mutindi kwenye mstari mwekundu uliochorwa ukutani. Kichwa kikaupita.

"Huyu ni mtu mzima, mzee."

"Mimi?" Mutindi akauliza, akijitazama viatu.

"Mstari wenu ni mfupi," Nzomo akasema. Akasimamisha fimbo. Alama ya nne ikaupita mstari kwa vidole viwili, naye akaigeukia foleni. "Mmeona? Vidole viwili wamekula. Ndivyo wanavyotengeneza watu wazima."

Foleni ikaanza kunung'unika. Bwana mmoja akasema hata yeye alishuku, kwao hakujawahi kuzaliwa mtu mrefu.

Firdaus hakubishana. Aliingia ndani akaleta tepu ya fundi. "Pima mwenyewe, mzee."

Nzomo akapima mstari. Inchi arobaini na nane, futi nne kamili. Akailaza tepu juu ya fimbo. Alama ya nne ilikaa kwenye hamsini.

Fimbo hii aliikata mwenyewe akiwa kijana, na kila futi aliiongezea nusu inchi, kwa sababu jiwe likitoka mwambani lazima lizidi kidogo. Nyundo italila kingo likinyooshwa. Alijua hivyo. Akaizoea mpaka akasahau. Milango yote ile. Na jeneza la jirani yake Kiema, lililokataa kuingia kaburini, watu wakawalaumu wachimbaji.

"Mstari wenu uko sawa," akasema polepole. "Ni mimi."

"Mzee," Zaituni akasema, "hiyo fimbo usimpimie mtu suruali."

Mutindi akamvuta koti. "Babu, twende nyumbani. Tutarudi nikiwa mfupi."

Mawe mia moja na saba. Nzomo alilitazama gurudumu, akamtazama mtoto. "Nikingoja, utarefuka wewe na bei nayo itarefuka," akasema, akatoa simu, akalipa. Zaituni akamshika Mutindi mkono pamoja na wanawe, wakaingia.

Nzomo akangoja nje mpaka jua likashuka. Mutindi alitoka na Zaituni, sauti imekauka.

"Umepanda mara ngapi?"

"Kumi na moja."

Karibu mawe kumi kwa kila mara. "Na huko juu uliona nini?"

"Niliona kwetu. Na machimbo. Babu, shimo lenu ni kubwa kuliko bustani yote. Hili gurudumu likitumbukia mle, halionekani."

"Unanidanganya."

"Muulize huyu mama. Aliuliza ni nani alikula mlima."

Zaituni akatikisa kichwa kukubali. Miaka thelathini na miwili Nzomo ameingia shimoni alfajiri akatoka jioni, na alichokijua ni ukuta ulio mbele ya nyundo yake. Hakuwahi kuliona lote.

Akarudi dirishani, Firdaus akifunga. "Binti, hii bei ya mtu mzima itakaa hapo mpaka lini?"

"Mwisho wa mwezi, mzee. Baada ya hapo sijui."

Mawe mia moja na saba mengine, na wiki mbili za kuyachonga.

"Babu," Mutindi akasema, "usirefuke mpaka hapo."

Nzomo hakucheka. Alikuwa amegeukia upande wa machimbo, akijaribu kuona, na kutoka pale chini hakuna kilichoonekana.