Ngazi Tisa za Papa Ali

Kama unataka kuzeeka mapema, huhitaji pombe wala wake wawili. Panda mtumbwi wa Papa Ali siku unapokuwa na haraka.

Papa Ali Mukamba anakaa Mikelenge, katika nyumba ya matofali mabichi inayopakana na shamba lake la muhogo. Umri wake ni sitini na kitu. Hicho kitu hakijulikani, maana kila mwaka anakibadilisha. Ni Mwislamu wa swala tano, mtu wa maji tangu kwa babu yake, na katika bandari yote ya Kasuku hakuna mkono unaoujua mto Lualaba kama wake. Hakuna pia mtu anayejua kuchelewesha watu kama yeye.

Kazi yake inaenda hivi. Kila anayepanda, kabla hajaingiza mguu wa pili, anapewa ngazi moja, yaani ile mbegu ya muchikichi. Ngazi za Papa Ali ni kavu na nyeusi tii, kwa sababu zinalala katika kikapu juu ya meko ya mke wake, Mama Odette, na moshi umezila miaka na miaka. Unashika yako. Unakwenda unakokwenda. Unapopanda kwa kurudi, unaiangusha ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ko! Kama zilitoka ishirini na zimerudi kumi na tisa, mtumbwi hauendi. Mvua inyeshe, mgonjwa alie, bwana arusi awe anangojwa kanisani, hauendi.

Siku moja mama wa Alunguli alimpa mtoto wake ngazi achezee, mtoto akaimeza. Watu wakashika vichwa. Papa Ali akamwangalia yule mtoto, akasema, "Bon. Sasa huyu njo kopo. Mumuweke hapa mbele, nimuone." Ndipo akaondoa mtumbwi.

Sababu ya mambo haya ninaijua. Kila mtu wa Kindu anaijua, kwa sababu Papa Ali anaieleza kila safari, na mimi nimeisikia mara nyingi hadi ninaweza kukohoa pale anapokohoa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa. Waasi walikuwa mjini, wanamgambo wa Mai-Mai msituni, na raia walikuwa katikati kama karanga ndani ya kinu. Papa Ali alikuwa anapeleka familia kwenye kisiwa kimoja chini ya mji, kisiwa cha michikichi na matete, watu wajifiche siku mbili tatu mpaka milio ya masasi inyamaze. Asubuhi moja yenye ukungu mzito alikwenda kuwarudisha watu kumi na mmoja. Alihesabu vichwa. Kumi na moja, sawa. Akapiga kasia. Kumbe kichwa cha kumi na moja kilikuwa beseni, beseni ya mama mmoja, iliyofungwa kitenge na kuwekwa juu ya godoro. Mtu wa kumi na moja alikuwa Falone, mke wa mdogo wake, msichana wa miaka ishirini. Alikuwa amerudi nyuma kidogo kuchukua sufuria yake.

Walipofika Kasuku vita ikalipuka tena. Siku tisa hakuna mtu aliyevuka. Siku ya kumi Papa Ali alikuta mawe matatu ya meko na sufuria imeoshwa, imefunikwa chini juu. Falone hakuonekana, siku ile na mpaka leo. Mdogo wake alihamia Tunda, analima mpunga, na hajamuuliza kaka yake swali hata moja. Mama Odette anasema hilo ndilo linalommaliza mume wake: angetukanwa, angelala usingizi.

Tangu hapo haamini vichwa. Anaamini ngazi. Neno lake ni moja: "Mutu hatabaki tena nyuma yangu."

Sawa. Ni habari ya kuhuzunisha, nami si jiwe. Lakini mimi nilikuwa na programu.

Mwezi wa saba nilipata wageni tisa, wengi wao kutoka Kinshasa, waliotaka kuona mkoa wetu wa Maniema. Nilikuwa nimesoma utalii miaka miwili kati ya mitatu, kwa hiyo nilijua theluthi mbili za kila kitu. Programu yangu ilikuwa ya siku tatu, imechapwa, ina rangi. Siku ya kwanza: asubuhi kisiwani, ndege, msitu, historia, saa sita kamili kurudi Kasuku na kupanda gari kwenda kulala Kibombo. Siku ya pili Kasongo, siku ya tatu Nyangwe, miji ya zamani ya Waungwana, wale wafanyabiashara Waswahili waliotoka pwani. Dereva, Anaclet, alikuwa ameniapia kwamba ikipita saa sita haendi, kwa sababu barabara ile giza likikukuta humo, unalala humo.

Tulipanda mitumbwi miwili: wa Papa Ali, na wa mpwa wake Florentin uliokuwa na turubai la kukinga jua. Kopo lilikuwa moja tu, kwa Papa Ali. Ngazi tisa zikagawiwa.

"Hii ni ya kula?" aliuliza Papa Désiré, afisa wa forodha aliyestaafu, mwenye kofia pana kama ungo.

"Ni ya kurudia, Papa," Papa Ali alijibu. "Bila hiyo, hakuna mutumbwi itatoka kule."

"Mimi nimefanya forodha miaka thelathini, sijaona risiti kama hii."

Kila mtu akacheka, isipokuwa Mama Emerance, mwalimu mstaafu wa Kisangani, mama wa miaka sabini mwenye viatu vya raba. Yeye aliifunga ngazi yake katika pembe ya leso, akaifungia mafundo mawili.

Kisiwani, mimi nilikuwa nimeandaa maelezo juu ya ndege. Nani aliyasikiliza? Papa Ali alikwenda mbele na fimbo yake. "Hapa njo kwa Mama Hélène, alikuwa na watoto wane. Hapa njo kwa fundi cherehani, alikuja na mashine yake kichwani, eti waasi watamuibia. Hapa walikuwa wanaficha jogoo, wanamufunga mudomo na uzi asiwike." Ndege wakubwa weupe waliruka juu yetu, na hakuna hata shingo moja iliyoinuka. Watu walikuwa wanatazama majivu ya miaka ishirini na mitano ambayo hayapo.

Mwishoni akafika kwenye mawe matatu, meusi, yamezama nusu katika udongo. "Na hapa Falone alikuwa anapika."

Akakohoa. Nami nikatazama saa: tano na nusu.

"Wapendwa wageni, tunarudi!" nikapiga kelele. "Pole pole haifiki Kibombo!"

Florentin alikuwa tayari amejaza mtumbwi wake na kuusukuma majini, watu wamejilaza chini ya turubai kama samaki wa kuvukizwa. Hao walikuwa wamepita kwanza kwenye kopo la Papa Ali; wengine wakapanda kwake. Ko, ko, ko. Papa Ali akaangalia ndani ya kopo, akahesabu kwa kidole.

"Iko nane."

Nilijua. Kabla hajafungua mdomo, nilijua.

"Papa Ali, kuna mutu ameipoteza. Ni mbegu tu, inaanguka."

"Iko nane, Aimé."

"Papa Désiré!" nikaita kwenye turubai. "Kule muko wote?"

"Tuko wote!" ilijibu sauti chini ya kofia. "Twende, jua inatuchoma! Ama huyo muzee anataka tumupandie muchikichi mupya?"

"Umesikia, Papa. Wako wote."

"Sikuuliza midomo," alisema Papa Ali. "Midomo haijuagi kuhesabu. Tutafute ngazi."

Akashuka, akaanza kuinama kwenye mchanga, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano ya marehemu. Saa sita kasoro dakika kumi na tano. Akilini nikamwona Anaclet akiwasha gari. Nikaiona programu yangu yenye rangi ikielea kwenda Kisangani. Miguuni pangu, chini ya muchikichi, ngazi zilikuwa zimejaa kama kokoto. Nikaokota moja, nikaipangusa kwenye suruali, nikaidondosha koponi.

Ko.

"Hii hapa! Ilikuwa chini ya kiti."

Papa Ali alinyanyuka, mkono kiunoni. Hakutazama kopo, alinitazama mimi. "Tisa?"

"Tisa, Papa."

"Alhamdulillahi," alisema, na akavuta kamba ya mota.

Tulikuwa katikati ya mto alipompa abiria aliyeketi mbele yake usukani, akamimina ngazi kiganjani ili azirudishe mfukoni, kama afanyavyo kila safari. Kiganja kile kilibaki wazi. Nane zilikuwa nyeusi. Moja ilikuwa nyekundu, mbichi, inang'aa mafuta, nzuri kabisa kwa supu.

Kama angenipiga, ningeelewa. Kama angenitukana mbele ya wageni, ningejibu. Maneno hayajawahi kunikosa. Alinyoosha tu kiganja na kuuliza kwa sauti ndogo, "Nani?"

Nilitafuta mzaha. Haukuja.

"Mimi, Papa."

Akafunga mkono. Alipokamata usukani, ule mkono aliojulikana nao bandari nzima ukaupinda vibaya, hata mtumbwi ukayumba na Mama Sandrine, mke wa Papa Désiré, akapiga yowe. Papa Ali akageuza mtumbwi kuelekea kisiwani. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Nilidhani ni dua. Nilipoinama nikasikia: "Beseni. Beseni. Beseni."

Papa Désiré alipaza sauti kutoka mtumbwi wa pili, "Munaenda wapi? Gari inangoja!"

"Mama Emerance iko kwenu?" niliuliza.

 Kofia ikageuka kushoto, ikageuka kulia. "Si iko kwenu?"

Hakuna mota iliyowahi kwenda taratibu vile. Papa Ali aliruka kabla mtumbwi haujagusa mchanga, maji yakamfika mapajani, mzee wa sitini na kitu, akakimbia. Nikamfuata. Alikuwa anaita, na jina aliloita, mara ya kwanza na ya pili, halikuwa Emerance.

Mama Emerance alikuwa ameketi kando ya mawe matatu, rozari mkononi, leso magotini. Alikuwa ameyachimbua mawe kidogo kwa kijiti na kuyasimamisha vizuri. Alituona tukihema kama mbwa, akakunja uso.

"Muniache, nimebakisha fumbo moja la rozari. Ninamuombea huyu binti."

Papa Ali alikaa chini palepale, kwa matako, kwenye nyasi.

"Mama," nikasema, "hukusikia mota? Tulikuwa tumeenda!"

"Nilisikia."

"Na hukuogopa?"

Aliniangalia kama mwanafunzi aliyeshindwa swali la kwanza. "Kuogopa nini, mutoto yangu? Mulikuwa munajaribu mota. Ngazi iko kwangu." Akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akainua mbegu nyeusi. "Papa Ali alisema bila hii hakuna mutumbwi itatoka. Na ilitoka?"

 Papa Ali alinyoosha mkono, akapokea ngazi ile, akaishika mpaka mama alipomaliza fumbo lake. Hakuna aliyetaja saa. Hata mimi.

Anaclet, bila shaka, alikuwa bado Kasuku: alikuwa amelala chini ya gari na ndala kichwani, kiapo chake kimelala naye. Tuliondoka kesho yake. Programu ikapoteza siku, wageni wakalalamikia siku hiyo, na Nyangwe tuliiona kwa haraka kama mtu anayepita kwa wakwe. Papa Ali alikuja nasi, kwa sababu Mama Emerance alisema bila yeye hapandi hata baiskeli. Kwa hiyo ngazi tisa zikaingia garini. Kushuka kununua ndizi, ngazi. Kushuka kwa tope, ngazi. Kasongo, mbele ya makaburi ya zamani, nilipofika patamu kabisa katika maelezo yangu juu ya Waungwana, nilikatizwa na mtu anayepita na kopo akipiga kelele, "Ngazi! Kila mutu aonyeshe ngazi!" Hakuwa Papa Ali. Alikuwa Papa Désiré, na kofia yake.

Mimi bado ninaleta wageni, na bado ninazeeka. Papa Ali hakunifukuza, wala hakumwambia mtu. Ila siku hizi mtumbwi unapojaa na watu wote wameketi, ananisimamisha pale ukingoni mbele yao, ananiambia nifungue viganja vyote viwili, kisha nigeuze mifuko ya suruali nje, kama kwenye kizuizi cha askari.

"Papa Ali, hiyo kesi tumeimaliza mwezi wa saba! Tunachelewa!"

"Mufuko ya nyuma pia," anasema.

Nami ninageuza.