Paa la Nyumba ya Krismasi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile tuliyoamka tukakuta mfongo umenyamaza.

Nakuita mwanangu na bado navaa sketi ya shule, usinicheke. Wewe ni mtoto wa kaka yangu Deo, kwa hiyo mimi ni shangazi yako, na shangazi huku kwetu Uru, mlimani, ni mzee hata kama ana chunusi. Umelala hapo kwenye khanga ya bibi yako, hujui lolote la dunia. Nakuandikia kwa sababu nikisimama mbele za watu sauti yangu hukimbilia tumboni.

Mfongo ni ule mfereji waliouchimba wazee wa wazee wetu, unaoleta maji kutoka mtoni huko juu mpaka nyuma ya jiko letu. Nimezaliwa nikiusikia. Asubuhi ile kimya ndicho kilichoniamsha. Nikatoka, nikakuta matope tu na chura mmoja ameduwaa kama mimi. Mvua nazo zilikuwa zimebadilika tabia. Bibi yako husema zamani zilikuja kama mgeni aliyetuma salamu, unatandika kitanda unamngoja. Siku hizi zinakuja kama mgambo: zinavamia, zinapiga, zinaondoka, na udongo wako zinaondoka nao.

Tukaanza kufuata maji bondeni. Kushuka si kazi. Kupanda na ndoo kichwani ndiko kunakomfanya mtu akumbuke dhambi zake zote. Na ng'ombe wetu bandani alikunywa kama anakomoa. Babu yako alishafariki, mikono ya kusaidia ilikuwa michache, basi jioni moja bibi yako akasema bila kuzunguka, "Maji yasipopatikana karibu, huyu ng'ombe anauzwa." Ng'ombe kwetu ndiye maziwa, ndiye samadi ya migomba na kahawa. Ukimtoa yeye, kihamba chote, yaani shamba letu hili linalozunguka nyumba, kinamfuata.

Sasa sikiliza alichokiona bibi yako ambacho sisi wengine tulikuwa tunakipita kila siku. Juu ya kihamba chetu, ng'ambo ya ua wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mpakani, ipo nyumba ya Baba Prochesi, anayeuza vipuri vya magari Dar es Salaam. Nyumba kubwa, bati jekundu, madirisha ya vioo. Huishi watu wiki ya Krismasi tu. Mwaka mzima uliobaki wanaishi popo, na bibi yako ndiye mwenye ufunguo wa kufagia. Nyumba za namna hiyo zimejaa mlimani kwetu. Watu huzipita wakisema, "Tazama utajiri huo." Bibi yako alisimama pale mvua moja ya ghafla ilipopiga, akatazama maji yanavyoporomoka kutoka kwenye lile bati na kuchimba uwanja, akasema, "Tazama mto huo."

Akatuma salamu Dar kwa kila aliyepanda basi: mwambieni Baba Prochesi naomba paa lake. Jibu halikuja. Wengine nadhani hawakuufikisha ujumbe, waliona ni utani. Nani anaomba paa? Vuli ikakaribia. Mawingu hayasubiri jibu, mwanangu. Dalili ya mvua ni mawingu, na bibi yako akaamua.

Baba yako akapasua mianzi akaifunga chini ya bati kwa kamba za migomba. Kutoka hapo tukapanga vigogo vya migomba vilivyopasuliwa na kukombwa ndani, kimoja kinamwagia kingine, mpaka ng'ambo ya masale, kwenye shimo tulilochimba kihambani kwetu. Shimo tulilikandika udongo wa mfinyanzi, tukaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa laini kama sakafu. Juu tukaezeka majani ya migomba ili jua lisituibie. Kigogo kikioza, tunakata kingine, na kilichooza kinakuwa mbolea. Hakuna kilichotoka dukani.

Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. "Mama Deo, unamchimbia nani kaburi?"

"Naizika mvua," akajibu, "ili ifufuke kiangazi."

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Vijana waliotoka Misa walikuwa wanapita, na mimi nimeshikilia mwanzi ukutani kwa watu, matope mpaka magotini. Nikauachia nikajificha nyuma ya mgomba. Bibi yako hakunipigia kelele. Alinijia na debe tupu, akaliweka mbele yangu.

"Haya, nijazie."

"Nijaze nini, mama?"

"Hiyo haya yako. Nijazie debe moja tu, tupikie ugali."

Nikarudi kwenye mwanzi. Mpaka leo nikiona aibu ya bure nalisikia lile debe likitua.

Vuli ilikuja, ikapiga siku chache kwa hasira, ikakatika. Mahindi ya tambarare yalikauka yakiwa na urefu wa mtoto. Lakini shimo letu lilijaa. Ng'ombe akanywa, migomba michanga ikashika. Wale wale waliocheka wakaanza kuja na ndoo, wamekwepesha macho, na bibi yako akawaambia, "Choteni, mvua haina ukoo." Yule wa kaburi ndiye aliyekuja na ndoo mbili!

Ila kila jioni niliiwaza Krismasi. Mwenye paa angekuja. Akisema ondoeni, tunarudi bondeni sisi na majirani, na ng'ombe anaondoka.

Akaja. Gari likasimama, Baba Prochesi akashuka na suti yake, akaitazama nyumba yake juu mpaka chini.

"Mama Deo! Nani ameivalisha nyumba yangu sketi ya migomba?"

Watu wakajaa uani kama kuna msiba. Nikamnong'oneza mama, "Kata jani la sale, umwombe radhi." Kwetu ukimpelekea mtu jani la sale, hata awe amekasirika vipi lazima akusikilize.

"Sale ni ya kosa," akasema. "Mimi nilituma kuomba. Nina deni la shukrani tu."

Akaingia ndani akatoka na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, akaionja kwanza yeye mwenyewe kama desturi, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Karibu nyumbani, baba. Hilo ni paa lako. Kunywa."

Baba Prochesi akakitazama kibuyu. "Paa langu?"

"Mbege haipikwi kwa vumbi. Maji yake yametoka juu ya bati lako. Bila wewe Krismasi hii tungekunywa maombi."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Baba Prochesi akanywa, akatua, akanywa tena. Kisha akaenda mwenyewe mpaka shimoni, viatu vyake vya kung'aa vikazama kwenye tope. Akafunua majani, akachungulia. Akarudi akifuata vigogo kimoja kimoja mpaka kwenye mianzi. Akazunguka nyuma ya nyumba. Hapo nilishika mkono wa baba yako, kwa sababu nilijua anakwenda kutafuta ngazi ya kubomolea.

Alirudi mikono mitupu, uso umekunjamana.

"Mama Deo, paa langu lina pande mbili. Huu wa nyuma mmemwachia nani?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kabla hajarudi Dar majirani wakachimba shimo la pili, la kwao. Na mimi, wiki ile ile, kabla wenye nyumba nyingine za Krismasi hawajafunga milango kurudi mjini, nilikwenda peke yangu kwa familia moja kati yao. Nikasema, "Shikamooni. Tunaomba paa lenu." Walicheka sana. Wakatoa.

Basi nasaha yangu kwako ni hii, mwanangu. Mlima wetu haupo kama walivyouacha wazee, na hali ya hewa haitakuuliza umri wako. Usikae kulilia mfongo wa jana. Tazama kinachomwagika bure mbele ya macho yako, ukikinge. Kama kipo kwa mwenzio, kiombe mchana watu wakiona, na ukipata mwite na jirani achote. Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi naongeza kwamba haya ndiyo inayooza, na inaoza pamoja na mwenyewe.

Ruwa, Mungu wa wazee wetu, akukuze. Akupe macho ya bibi yako, akupe mdomo usioogopa kusema "naomba", na popote utakapojenga akuzungushie watu wa kukujibu "chota". Amina.